Mwongozo kamili: kujenga ukuta imara kwa mawe ya nyumba iliyobomoka, Lamu

Kila masika yakiisha, malalamiko huwa yale yale. Ukuta uliojengwa upya kwa mawe ya zamani unatoa unga mweupe, lipu inabanduka vipande vipande, na jiwe lenyewe linameguka ukiligusa. Watu huwa wepesi kulilaumu jiwe, ila jiwe halina kosa. Jiwe la tumbawe lililokaa ukutani vizazi kadhaa na bado linalia likigongwa lina maisha mengi mbele yake. Kinachoharibu kazi ni chumvi iliyoachwa ndani na saruji iliyopakwa juu.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe na haipitishi unyevu. Maji yaliyopanda kutoka ardhini au yaliyoingia na mvua hukosa pa kutokea, yakatafuta njia kwenye jiwe. Yakikauka huacha chumvi, chumvi hugeuka chembe ngumu, na chembe hizo hupasua jiwe kutoka ndani. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Chumvi ikija, huharibu lipu ambayo unaweza kuipiga tena, na jiwe likasalimika. Ndiyo maana katika hatua zote zilizo hapa chini hakuna hata mfuko mmoja wa saruji. Ukiombwa na fundi "kidogo tu cha kukaza", kataa.

Hesabu zote ni za ukuta mmoja wenye urefu wa mita 4, kimo cha mita 2.5 na unene wa sentimita 45, pamoja na msingi wake. Ukuta wako ukizidi au ukipungua, badilisha hesabu kwa uwiano huo.

## Ruhusa kwanza

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kubomoa au kujenga ndani yake kunahitaji idhini ya wahifadhi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na kaunti. Peleka mchoro kabla ya kugusa nyundo.

Mawe nayo yana wenyewe. Gofu la familia linahitaji kauli ya warithi wote, si ya yule mmoja anayekaa karibu nalo. Mali ya wakfu huulizwa kwa msimamizi wake. Magofu ya Takwa, Shanga, Pate na Manda hayaguswi, wala makaburi popote yalipo. Matumbawe ya baharini yaache yalipo.

## Vifaa na kiasi

- Mawe ya tumbawe yaliyotumika: mita za ujazo 8 yakiwa rundo. Kiasi hiki kimezidishwa kidogo kwa sababu baadhi yatakataliwa.
- Chokaa ya uji, yaani iliyozimwa na kulowekwa majini: lita 850. Utaipata kwa kuzima takriban kilo 500 za chokaa ya tanuru (iliyochomwa, haijaguswa na maji), au kwa kuloweka mifuko 25 ya chokaa ya unga ya kilo 25.
- Mchanga safi wenye chembe za saizi mchanganyiko: mita za ujazo 2.7.
- Unga wa vigae vya vyungu: ndoo 7 za lita 20.
- Mapipa 5 ya lita 200. La kuzimia chokaa liwe la chuma, kwa sababu la plastiki litalegea kwa joto.
- Maji ya mvua au ya jabia (birika la kuhifadhia maji). Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kwa kazi yoyote hapa, hata kuoshea miko.
- Miko, timazi, pima maji, uzi, nyundo, tindo, sururu, beleshi, makarai, chekeche mbili (milimita 5 na milimita 2), magunia 30, turubai.
- Miwani ya kufunika macho, glavu za mpira, buti, na ndoo ya maji safi iliyowekwa pembeni kwa ajili ya macho tu.

## Kalenda ya kazi

Zima chokaa na panga mawe nje kabla ya masika, yaani mwishoni mwa Machi. Mvua ya Aprili hadi Juni itakuoshea mawe bure. Jenga Agosti, piga lipu mwishoni mwa Septemba, maliza Oktoba. Ukichelewa mpaka kaskazi ianze kuvuma Desemba, jua na upepo vitakausha lipu kabla haijakaza, nawe utapata nyufa hata kama ulichanganya vizuri.

## Hatua ya 1: Zima chokaa

Wengi huanza na mawe. Anza na chokaa, kwa sababu ndiyo inayohitaji muda. Kwa kujengea, chokaa ya uji ikae majini si chini ya wiki 4. Ya lipu ya mwisho ikae miezi 3 ukiweza.

Jaza pipa la chuma maji hadi nusu. Tia chokaa ya tanuru ndani ya maji, karai moja moja, huku mwenzako akikoroga kwa mti mrefu. Usimwagie maji juu ya chokaa kavu: itachemka papo hapo na kuruka usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji yatachemka na mvuke utatoka. Watoto wasiwepo karibu.

Chokaa ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kuacha, kisha nenda hospitali. Usisubiri kuona kama itapoa yenyewe.

Uji ukipoa, upitishe kwenye chekeche ya milimita 2 uingie pipa jingine. Vipande vinavyobaki juu ya chekeche havikuiva tanuruni au havijazimika. Ukivipuuza vitazimika baadaye ndani ya lipu, vitavimba na kutoa vipele vinavyopasuka mmoja mmoja kwa miezi. Funika uji kwa maji ya kina cha vidole vitatu. Hewa ikiugusa, huanza kuganda.

Ukitumia chokaa ya mfuko, ijaribu kwanza dukani. Chukua kijiko cha unga, dondoshea siki au ndimu. Povu jingi lina maana kwamba chokaa hiyo imeshakutana na hewa muda mrefu na haitakamata. Ikinyamaza au ikitoa povu kidogo, nunua. Iloweke na kuikoroga siku ile ile, nayo ikae wiki 4 vile vile.

Imefaulu ikiwa: uji umekuwa mzito na laini, unasimama juu ya mwiko bila kutiririka, na ukiusugua kati ya vidole huhisi chembe.

## Hatua ya 2: Bomoa kwa mpangilio

Bomoa kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu. Kuusukuma ukuta mzima uanguke kunaokoa siku moja na kuvunja mawe mazuri ya pembe, ambayo ndiyo adimu.

Panga pale pale kwenye mafungu manne: mawe ya pembe (yenye nyuso mbili zilizonyooka), mawe ya uso, mawe marefu ya kufungia (sentimita 40 hadi 45), na vijiwe vya kujazia. Kila jiwe ligonge kwa nyundo. Linalolia kwa sauti kali ni zima. Linalotoa sauti butu lina ufa au limeoza, lipeleke kwenye fungu la kusagwa.

Mawe yaliyojengwa kwa chokaa husafika kwa tindo na nyundo ndogo. Yaliyojengwa kwa saruji hayasafiki, kwani ukigonga, jiwe huvunjika na saruji ikabaki. Usipoteze nguvu. Hayo yaweke chini kabisa ya msingi.

Chokaa ya zamani uliyobangua usiitupe. Ipondeponde, ipitishe kwenye chekeche ya milimita 5, nayo itachukua nafasi ya mchanga hadi theluthi moja, mradi haikutoka mita ya kwanza ya ukuta, ambako chumvi imejaa. Lakini ielewe kazi yake: ni mchanga sasa, haina tena nguvu ya kukamatisha.

Mawe yakisafirishwa kwa punda, yapeleke yakiwa makavu. Jiwe hili lina vitundu vingi na likilowa huwa zito sana. Punguza shehena, na mnyama apate kivuli na maji kila anaposhusha.

## Hatua ya 3: Toa chumvi kwenye mawe

Hapa ndipo kazi nyingi za Lamu zinapopotea, na hapa ndipo watu wanaporuka kwa sababu chumvi haionekani.

Mawe yenye chumvi zaidi ni ya mita ya kwanza kutoka ardhini na ya kuta zilizoelekea bahari. Yatenge tangu siku ya kubomoa kwa kuyatia alama ya mkaa. Mawe yote yapange nje juu ya magogo, yasiguse ardhi, na uache nafasi ya vidole viwili kati yake ili maji yapite. Katikati ya masika yageuze. Ukikosa masika, loweka kwenye mapipa ya maji ya mvua kwa siku moja, mwaga, jaza tena, mara tatu. Maji yale yale yasitumike mara mbili.

Kupima ni rahisi. Vunja kipande cha ukubwa wa ngumi, kiloweke kwa saa 24 katika lita moja ya maji ya mvua. Chota kijiko kimoja cha maji hayo, kimwage kwenye sahani nyeusi, kiache kikauke juani. Pembeni kausha kijiko cha maji ya mvua matupu ili ulinganishe. Utando mwembamba ni wa jiwe lenyewe, hauna neno. Ukoko mweupe wenye ladha ya chumvi ukiugusa kwa ncha ya ulimi unakuambia urudie kuosha.

Pima angalau vipande sita kutoka sehemu tofauti za rundo. Mawe yanayokataa kusafika baada ya masika mazima yapeleke kwenye ukuta wa ua ambao hautapigwa lipu.

## Hatua ya 4: Mchanga

Usichukue mchanga kwenye matuta ya Shela. Matuta hayo ndiyo yanayopokea na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa, na kila gunia linalotoka hapo linapunguza maji ya visima vya watu. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi, tena chembe zake ni ndogo, za saizi moja na za mviringo, hazishikani.

Tafuta chembe zinazobaki machimboni Maweni, kisiwani Manda, mawe yanapokatwa. Ni taka huko, na kwa chokaa ni bora: zina ncha, zina saizi tofauti. Changanya na mchanga wa nchi kavu kutoka kwa muuzaji mwenye kibali. Osha mara mbili, kausha, pima chumvi kwa njia ile ile ya sahani.

Sasa pima uwazi wa mchanga wako, yaani nafasi iliyo kati ya chembe, maana ndio unaoamua kiasi cha chokaa. Jaza ndoo kwa mchanga mkavu, kisha mimina maji kwa kipimo hadi yafike juu. Ndoo ya lita 20 ikipokea lita 6 au 7, uwiano wa chokaa 1 kwa mchanga 3 ni sawa. Ikipokea lita 8 au zaidi, mchanga una saizi moja tu: ongeza chembe za machimbo, au tumia 1 kwa 2.5.

## Hatua ya 5: Kuchanganya

Kuna michanganyiko miwili. Wa juu: chokaa ya uji 1, mchanga 3. Wa chini, kwa msingi na nusu mita ya kwanza ya ukuta: chokaa 1, mchanga 2.5, unga wa vigae 0.5. Chokaa tupu hukaza kwa kuvuta hewa, na chini ya ardhi hewa ni haba. Udongo uliochomwa kwa moto wa wastani, ukisagwa laini na kupita chekeche ya milimita 2, hushikana na chokaa hata penye unyevu. Vyungu vilivyovunjika vinafaa kabisa. Vigae vya kung'aa vya sakafuni havifai.

Usitie maji. Uji una maji ya kutosha, ila yamejificha. Twanga na kanyaga kwa buti au ponda kwa mchi kwa dakika 20. Mwanzoni utaonekana mkavu na utashawishika kuongeza maji. Endelea kutwanga, utalainika. Maji ya ziada ndiyo yanayoleta nyufa za kusinyaa.

Mchanganyiko wa juu ufunike kwa gunia bichi ulale usiku mmoja, kesho yake uutwange tena. Wa chini utumike siku ile ile, kwani vigae huanza kuukaza.

Imefaulu ikiwa: ukiuchota kwa mwiko na kuupindua juu chini, haudondoki.

## Hatua ya 6: Msingi

Chimba upana wa sentimita 75 na kina cha sentimita 60, au zaidi mpaka ufike mahali pagumu. Shindilia. Panga mawe makubwa na mazito kuliko yote, yakilala kwa ubapa wake, katika mchanganyiko wa chini. Acha siku 4 kabla ya kupanda.

## Hatua ya 7: Kupandisha ukuta

Jiwe kavu hunyonya maji ya chokaa papo hapo, ikabaki vumbi. Kwa hiyo lowesha kila jiwe dakika chache kabla ya kulilaza, lakini lisitiririke maji.

Jenga nyuso mbili kwa pamoja, ya ndani na ya nje, ukijaza katikati kwa vijiwe vilivyolazwa ndani ya chokaa. Kumwaga kifusi kikavu katikati ndilo kosa linalozifanya kuta zivimbe tumbo baada ya miaka michache: kifusi hushuka, nyuso zikatengana. Kila mita moja ya urefu na kila sentimita 60 za kimo, weka jiwe refu la kufungia linalopita kutoka uso mmoja hadi wa pili. Mawe hayo yasipangane wima.

Viungio visizidi sentimita 2.5. Penye nafasi kubwa zaidi, gongea kijiwe, kwani chokaa nyingi mahali pamoja husinyaa. Kiungio cha wima kisipite safu mbili mfululizo. Angusha timazi kila sentimita 30, kila pembe.

Usipande zaidi ya sentimita 60 kwa siku moja, na pumzisha ukuta siku 2 kabla ya kuendelea. Chokaa haikazi kwa haraka ya mwenye nyumba. Fundi aliyezoea saruji atataka kumaliza kwa siku mbili, na ukuta utamkalia: uzito wa juu utafinya chokaa mbichi itoke viungioni. Mlipe kwa ukuta badala ya siku, mzozo huo utaisha.

## Hatua ya 8: Juu ya mlango

Kwa mlango wa sentimita 90, tumia boriti za zamani zenye urefu wa sentimita 140, ili kila upande uingie ukutani sentimita 25. Boriti nne zikilala bega kwa bega hufunika unene wa ukuta, au karibu yake.

Boriti nyingi za magofu zimeoza ncha tu, pale zilipokuwa ndani ya ukuta. Dunga kwa bisibisi: ikizama zaidi ya nusu sentimita, kata nyuma mpaka ufike mti mzima. Yenye njia za mchwa katikati iwe kuni. Nondo usitie. Kwenye mawe yenye historia ya chumvi, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na ukuta hupasuka juu ya mlango.

## Hatua ya 9: Kulinda ukuta mbichi

Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta, yasiuguse, na unyunyize maji ukungu asubuhi na jioni kwa siku 10. Sehemu ya juu ifunike kwa turubai mvua ikitisha. Chokaa hukaza kwa unyevu kidogo na hewa kwa pamoja. Ikikauka kabisa, husimama kukaza. Ikijaa maji, hewa haiingii, nayo husimama vile vile. Kumwagia ukuta kwa mpira wa maji si kuutunza.

Imefaulu ikiwa: baada ya wiki 4, msumari unakwaruza kiungio lakini hauchimbi. Ukichimba kwa urahisi, subiri wiki 2 tena.

## Hatua ya 10: Lipu na kupaka chokaa

Lowesha ukuta. Rusha tabaka la kwanza kwa mwiko, milimita 5, libaki na makwaruzo. Likigoma kubonyea kwa ukucha, baada ya siku 7 hadi 10, piga la pili la milimita 10, ulichore kwa mistari ya msumari. La mwisho ni milimita 3, kwa mchanga wa chekeche ya milimita 2. Nyufa nyembamba zikitokea siku ya kwanza, zisugue kwa kibao kabla lipu haijakauka, zitafunga. Ukiziacha hadi kesho, umechelewa.

Kisha paka chokaa nyepesi yenye uzito wa maziwa, mikono (tabaka) 4 au 5, siku moja kati ya kila mkono, ukuta ukiwa na unyevu. Mkono mmoja mzito hubanduka. Rangi ya plastiki kamwe: hiyo ni saruji kwa jina lingine, inaziba.

## Ukiona dalili hizi

*Unga mweupe chini ya ukuta.* Chumvi inatoka, nayo ni afadhali itoke. Ufagie ukiwa mkavu, uuzoe, uutupe mbali. Usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani. Utapungua mwaka hadi mwaka.

*Lipu inatoa sauti ya utupu ukiigonga.* Jiwe lilikuwa kavu au lenye vumbi. Bandua sehemu hiyo tu, lowesha, piga upya.

*Lipu inapukutika unga hata baada ya miezi miwili.* Ilikaushwa na upepo, au chokaa ilikuwa imekufa, yaani imekutana na hewa muda mrefu kabla ya kutumika. Nyunyizia ukungu asubuhi na jioni kwa wiki 2. Isiposhika, bandua.

*Ufa wa ngazi unaofuata viungio.* Msingi umeshuka. Usiuzibe kwanza. Bandika vipande viwili vya kioo juu ya ufa kwa lipu, uandike tarehe, uangalie miezi 3. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea na msingi ndio wa kutibiwa.

Lita chache za chokaa ya uji zitakazobaki ziache kwenye pipa, chini ya maji, kifuniko juu. Haziharibiki, na kila baada ya masika utazihitaji kwa kiraka na kwa mkono mmoja wa kupaka.